Muulize Bibi Alivyolala Dunguni

Wajukuu zangu, mgeni akifika Ifakara masika yakiwa yamechanganya, akapita mitaa ya pembeni akipiga hodi nyumba kwa nyumba, atashangaa. Hapa kufuli, pale kufuli. Nyumba ya tatu atamkuta binti wa darasa la sita anapika pamoja na mdogo wake, wameachiwa mchele na maagizo. Akiwauliza wazazi wako wapi, watamjibu neno moja: shamba. Mgeni atadhani watarudi jioni. Kumbe wamekwenda tangu mvua za mwanzo, na kurudi kwao kwa kweli ni mpaka mpunga uwe umeingia kwenye magunia.

Kwenu hii si habari. Mtoto wa bonde la Kilombero haoni ajabu familia kuwa na nyumba mjini na dungu, kibanda cha juu ya nguzo, shambani, wala haoni ajabu mama kuhama na sufuria, jembe, kuku wawili na mtoto mgongoni. Ndiyo maana hakuna anayeisimulia. Kila mtu anaijua, basi kila mtu ananyamaza, na baada ya muda wanaoijua wanaondoka nayo. Leo nataka kuwashawishi muisimulie nyie. Ukikaa chini na mtu wako wa nyumbani, ukamuuliza siku yake inavyokwenda tangu alfajiri mpaka usiku, ukayaandika kwa uaminifu na kwa ufundi, umefanya utafiti. Tena ni utafiti ambao profesa hawezi kukufanyia, kwa sababu yeye hana bibi Lupiro wala shangazi Mngeta.

Najua neno utafiti linawatisha kidogo, maana mmekulia mjini kwenye watafiti wa kweli. Taasisi ya Afya Ifakara ilianza miaka ya 1950 ikiwa maabara ndogo iliyoanzishwa na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, na leo ni taasisi ya Watanzania yenye jina duniani kote kwa kazi yake ya malaria. Wana darubini, wana vyumba vya kufugia mbu. Lakini hata wao walifika mahali darubini ikawa haiwatoshi, ikabidi wakae kwenye mkeka wasikilize.

Hofu yao ilikuwa hii. Bonde letu lina mbu wengi, na huko kwenye mashamba ya mpunga ndiko waliko hasa. Kliniki ziko mjini na vijijini, mbali na mashamba. Je, mkulima anayelala dunguni msimu mzima, na watoto wake, wanajikinga na nini? Ukikaa ofisini utajijibu mwenyewe kwamba hawajikingi na chochote. Watafiti walipowafuata watu huko huko mashambani, wakauliza na kuangalia, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2008, walikuta karibu kila kaya ina chandarua shambani. Watu walihama na vyandarua vyao, kama wanavyohama na sufuria. Mama aliyefunga mzigo wake alikuwa ameshalifikiria jambo hilo kabla ya mtaalamu, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza amefunga nini ndani ya mzigo.

Kuna mfano mwingine naupenda zaidi, ingawa ni mgumu kidogo. Miaka ya 1990 mtafiti Susanna Hausmann Muela na wenzake walizungumza kwa kina na watu wa Ifakara juu ya malaria na uchawi. Wageni wengi walikuwa wakisema kwa mkato kwamba watu hawa wanaamini uchawi, hawaamini hospitali. Mazungumzo yalionyesha jambo tofauti. Watu walijua vizuri kwamba malaria inaletwa na mbu na kwamba dawa yake iko hospitali. Swali lao lilikuwa: kwa nini mtoto huyu amepewa dawa na hajapona? Au kwa nini ana dalili zote, na maabara inasema hana vijidudu? Hapo ndipo wengine walisema labda mchawi ameleta malaria ya bandia, au amevificha vijidudu visionekane. Basi huenda kwanza kwa mganga, na wakitoka huko, kizuizi hicho cha mchawi kikiwa kimeondolewa, wanarudi hospitali wakiwa na imani kwamba sasa dawa itafanya kazi. Usikubaliane nao ukitaka. Lakini sasa unaelewa mama anafikiri nini anapozunguka huku na kule na mtoto mgongoni, na daktari anayeelewa hivyo atazungumza naye vizuri zaidi. Jambo hilo lilipatikana kwa kusikiliza masimulizi ya watu kuhusu ugonjwa wa nyumbani kwao.

Basi twende dunguni, nikuonyeshe kazi yenyewe inavyofanywa.

Tuseme unamwendea bibi yako mzaa mama. Umemwamkia, ameitikia marahaba, umesaidia kuchambua mboga, mmekaa. Ukimuuliza, "Bibi, maisha ya zamani yalikuwaje?" atakujibu, "Yalikuwa magumu mjukuu wangu, lakini tulipendana." Kila bibi wa Tanzania atakupa jibu hilo, na halimdanganyi mtu, ila halina kitu cha kuandika. Swali lilikuwa kubwa mno, naye amekupa jibu linaloenea swali hilo.

Sasa uliza kidogo kidogo. Dungu lenu lilikuwa na nguzo ngapi? Mlipanda kwa ngazi au kwa gogo lililokatwa vidato? Nani alilala upande wa mlangoni? Moto mliukoka wapi? Hapo utamwona bibi anaacha kuchambua mboga. Anaanza kupima kwa mikono, anaonyesha urefu wa nguzo, anakwambia sakafu ilikuwa ya fito na juu yake mkeka, na kwamba moto uliwekwa chini ili moshi upande ufukuze mbu, na nguo zote zilinuka moshi mpaka mavuno. Ukimwacha aendelee atafika kwenye ndege bila wewe kuuliza. Alfajiri, kabla jua halijapanda, kwelea kwelea wanashuka kwenye mpunga ulioanza kushika maziwa, wengi hata shamba linabadilika rangi. Kuamia ndege ni kazi ya watoto. Kamba ndefu zinafungwa kutoka dunguni mpaka pembe za shamba, zimening'inizwa makopo. Mtoto anakaa juu anavuta, makopo yanalia. Mwingine ana kombeo na madonge ya udongo. Wanapiga kelele mpaka sauti inakauka. Jioni ndege wakienda kulala, zamu inakuwa ya nguruwe, na karibu na mto zamu ya kiboko, ambaye hatishwi na kopo.

Hapo usikimbilie swali jingine. Muulize, "Sasa nyie watoto, shule mlikwenda saa ngapi?" Halafu nyamaza. Nyamaza kweli, usimsaidie. Huenda akakwambia yeye hakwenda, kaka yake ndiye alibaki mjini kusoma, yeye akawa wa kuamia ndege. Huenda akasema alijifunza kuhesabu kwa kuhesabu madebe. Huenda akakaa kimya muda mrefu kisha akazungumzia jambo lingine. Umegusa kitu ambacho hakipo kwenye takwimu za elimu: ni nani ndani ya nyumba alichaguliwa kusoma, na ni nani alilinda mpunga uliolipa ada ya mwenzake. Swali la nguzo za dungu limekufikisha huko. Ungeanza na swali la elimu ya mtoto wa kike ungepewa jibu la mkutano wa hadhara.

Mwaka je, utaujuaje, wakati bibi hakumbuki tarehe? Wazee wa hapa wanazo kalenda zao. Atakwambia alikuwa mwari wakati Wachina wanajenga reli. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na mwari wa wakati huo tumkadirie miaka kumi na tatu hadi kumi na tano. Basi amezaliwa kati ya 1955 na 1962, au jirani na hapo. Mwingine atasema mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka wa vita ya Idi Amin, nawe utaandika 1978 au 1979. Kuna Uhuru wa 1961, kuna kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970, kuna mvua za El Niño za 1997 na 1998. Ukipata matukio mawili yanayokubaliana, umeupata mwaka. Yasipokubaliana, yaandike yote mawili na useme hayakubaliani, na umtafute mtu mwingine aliyekuwepo.

Reli hiyo nitaikalia kidogo, kwa sababu hapo ndipo bonde letu lilipata msimulizi aliyefanya kazi hii kwa ukamilifu. Ukisoma habari za TAZARA za wakati ule utakutana na mambo makubwa makubwa: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, shaba ya Zambia iliyohitaji njia ya kufika baharini isiyopita kwa makaburu na walowezi, Mwalimu Nyerere, Rais Kaunda, Mwenyekiti Mao. Yote ni kweli na yote ni muhimu. Lakini treni ile ilipita Mang'ula, ikapita Ifakara, ikapita Mlimba, na ilikuwa inasimama. Nani alipanda? Alibeba nini?

Mwanahistoria Mmarekani Jamie Monson aliuliza hivyo. Alikaa na watu wanaoishi kandokando ya reli bondeni humu, wakulima, wafanyabiashara wadogo, na waliofanya kazi kwenye ujenzi wenyewe, akachukua hadithi za maisha yao moja baada ya nyingine. Kisha akaenda stesheni akazisoma stakabadhi za mizigo, vile vikaratasi ambavyo wengi wangevitupa, akaona nani alituma nini kutoka wapi kwenda wapi. Kitabu chake kilitoka 2009. Ndani yake, reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba inaonekana pia kuwa reli ya mikungu ya ndizi na magunia ya mpunga, ya watu waliopanda treni ndogo waliyoiita kipisi kwenda kuuza huku na kulima kule, ili mwaka wa mvua mbaya upande mmoja uwakute na akiba upande wa pili. Jambo hilo lisingeonekana kwenye hotuba za viongozi. Lilikuwa kwenye vinywa vya akina mama wa stesheni na kwenye stakabadhi zao.

Angalieni alivyounganisha vitu viwili, mdomo na karatasi. Masimulizi peke yake yanaweza kusahau, na karatasi peke yake haisemi kwa nini. Nyumbani kwenu kuna karatasi nyingi kuliko mnavyodhani: kadi ya kliniki ya mtoto, risiti ya mashine ya kukoboa, barua ya mjomba, picha yenye tarehe nyuma, daftari la kikoba. Mwekee bibi picha mkononi uone inavyomfungua.

Monson huyo huyo aliwahi kuandika, katika kitabu kilichotoka 1996, juu ya mitumbwi ya bonde hili kati ya 1920 na 1940. Mtu angesema mtumbwi ni mtumbwi tu. Lakini serikali ya kikoloni ilitaka chakula kipatikane na kisafiri, na ilitaka miti ya msitu isikatwe ovyo. Na hapa chakula kilisafiri kwa mtumbwi, na mtumbwi ni mti. Mafundi wa mitumbwi wakajikuta katikati ya amri mbili za serikali moja. Kama babu yako aliwahi kuchonga mtumbwi, muulize alipata wapi mti, nani alimpa ruhusa, walikuwa wangapi kuuburuta mpaka majini. Uliza sasa, maana mafundi hao wanapungua.

Wala msidhani kazi hii imekuwa ikifanywa na wageni peke yao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mswahili wa upande wa Bagamoyo, ndiye mkono mkuu nyuma ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotoka Ujerumani mwaka 1903, kinachoeleza kuzaliwa kwa mtoto, michezo, harusi, biashara na safari, mambo ya kila siku kabisa. Na hapa bondeni, mwaka 1935 kilipotoka London kitabu cha A. T. Culwick, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, na mkewe G. M. Culwick kuhusu Wabena wa mito, ndani yake mlikuwa na sura ya Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe, mtawala wa Wabena hao. Miaka ile ya ukoloni, mwenyeji kuingia kitabuni kwa jina lake na kwa maneno yake lilikuwa jambo kubwa, na mimi naliheshimu sana. Hata hivyo ni sura moja, na ni ya mtema. Mwanamke aliyempikia mtema hana sura. Mpiga kasia aliyemvusha mto hana sura. Sura hizo ndizo ninazowaomba nyie.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walifanya jambo ambalo kila nikilikumbuka linanipa moyo. Chini ya walimu wao wa historia, wakiwemo Gilbert Gwassa na John Iliffe, walitoka kwenda kuwauliza wazee habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, vita ambavyo Agosti 1905 vilifika hapa Ifakara na baadaye boma la Mahenge. Hesabuni: mtoto wa miaka kumi wakati vita vinaanza alikuwa na miaka sabini na mitatu wanafunzi walipobisha hodi. Wangechelewa miaka ishirini wasingemkuta.  Vijana wale walikuwa na daftari, walikuwa na lugha, na mlango haukufungwa kwa sababu walikuwa wajukuu.

Sasa nije kwenye sehemu inayohitaji moyo. Bonde hili lina watu wengi: Wandamba, Wapogoro, Wabena, Wambunga, Wahehe, na wafugaji waliokuja baadaye, Wasukuma na wengineo, na ng'ombe wao. Mwishoni mwa 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Mwulize mkulima aliyeliwa mpunga wake na ng'ombe akusimulie mwaka ule, kisha mwulize mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake usiku asijue anaelekea wapi. Utapata miaka miwili tofauti kabisa yenye tarehe zilezile. Usiichanganye ikawa mmoja. Andika wa huyu kama alivyousema, na wa yule kama alivyousema, uiweke karibu. Darasani kwenu huenda watoto wa watu hao wawili wanakaa dawati moja. Mkiifanya kazi hii pamoja, kila mmoja akamwuliza mzazi wa mwenzake, mtajua jambo ambalo tume ya serikali ingepata shida kulijua, kwa sababu mbele ya tume watu hujiandaa.

Na kuna mambo ya kuyafungia mdomo. Mtu akikutajia jina la jirani kwamba ni mchawi, jina hilo lisiingie daftarini; watu wazee wamedhuriwa katika nchi hii kwa maneno kama hayo. Mama akikueleza ugonjwa wake au ndoa yake iliyovunjika, muulize kwanza kama anataka iandikwe, na kama akisema hapana, ni hapana. Hadithi ni mali ya mwenyewe. Wewe umeazimwa.

Mtaniuliza ubunifu uko wapi, kama kila kitu lazima kiwe kweli. Swali zuri. Tukisimulia ngano, sungura anaongea na fisi anajibu, na hakuna anayedai ushahidi. Katika masimulizi haya huna ruhusa ya kumwongelesha mtu asiyosema. Lakini ulichokirekodi ni kama mpunga uliotoka kupurwa, una punje, una makapi, una vijiwe, na humpelekei mtu mezani hivyo ulivyo. Saa mbili za mazungumzo zina sentensi kumi za moto. Wewe ndiye unayezichagua. Wewe ndiye unayeamua kuanza na makopo yanayolia alfajiri kabla ya kumwambia msomaji huyu ni nani na yuko wapi. Wewe ndiye unayeamua kuiacha sentensi ya bibi na lafudhi yake, na neno lake la Kindamba au la Kipogoro usilolijua, ukalieleza kwa maneno machache badala ya kulifuta. Pale ulipokisia, sema nimekisia. Wasanii wa ngoma wa huku wanaijua kazi hii siku nyingi: wanachukua tukio la kijiji la juzi, wanalipanga, wanalipa mdundo, na kila aliyekuwepo analitambua.

Uingereza kuna mradi ulioanza 1937 wa kuwaomba watu wa kawaida waandike maisha yao ya kila siku. Tarehe 12 Mei mwaka huo watu wengi waliandika siku yao tangu walipoamka mpaka walipolala, na siku hizi kila tarehe 12 Mei watu wanaalikwa kufanya hivyo hivyo. Siku hiyo yao haina uzito mwingine kwetu, ila huku mwezi wa tano mavuno yameanza. Fikirieni shule moja ya Ifakara, moja ya Lupiro ng'ambo ya mto, moja ya Mlimba, kila mwanafunzi ameandika siku hiyo moja ya mtu mmoja wa nyumbani kwake: aliamka saa ngapi, alikula nini, alilipwa kiasi gani kwa gunia, alimkopa nani, alicheka nini. Baada ya miaka thelathini, atakayetaka kujua mpunga wa Kilombero ulivunwaje hatahitaji kubahatisha.

Ukishaandika, rudi. Wengi wanasahau hatua hii, nami naiona ndiyo yenyewe. Rudi kwa bibi ukamsomee kwa sauti, polepole, na kalamu mkononi. Atakukatisha. Atasema nguzo hazikuwa nne, zilikuwa sita, kwa sababu dungu lao lilikuwa la familia mbili, yao na ya mama mdogo. Na wewe utauliza mama mdogo alitoka wapi, maana hukuwahi kumsikia, na hapo ndipo hadithi yenyewe inaanza. Kama babu au jirani wako karibu watasogea, watabishana. Waache wabishane, wewe andika.

Na kama hujui pa kuanzia, nakupa kazi ambayo haijafanywa ipasavyo. Kabla ya daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, mita 384 za zege juu ya mto Kilombero, watu wa Ulanga na Malinyi walivuka kwa kivuko. Magari yalipanga foleni, wagonjwa wa kwenda Ifakara walisubiri, wauza samaki wa kukaanga na mihogo waliishi kwa foleni hiyo. Januari 2016 kivuko kilipinduka kwa dhoruba, na watu walipoteza maisha. Wapo waliokuwa mabaharia wake. Wapo akina mama waliokuwa wakiuza pale na biashara yao ikaisha siku magari yalipoanza kupita bila kusimama. Wapo waliojifungua wakisubiri zamu. Wengi bado ni vijana, wana nguvu, wanakumbuka bei ya nauli na majina ya wenzao. Nenda na daftari. Waulize kwanza foleni ilianzia wapi siku za mnada, na nani alikuwa anaruhusiwa kupita mbele.